Nyimbo Zilizookotwa

Sisi vijana wa Ayivu twapenda sana kupiga adungu, lakini ni wangapi waandikao nyimbo zetu? Nimejiuliza hayo baada ya kusoma habari za Bibi Florence Price, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1887. Simfonia yake ya kwanza, yaani muziki wa vyombo vingi, ilipigwa Chicago mwaka 1933. Ndani yake mna juba: si mji jirani yetu, bali ngoma ya watumwa wa asili ya Afrika. Alikufa mwaka 1953. Mwaka 2009 karatasi zake nyingi zikaokotwa katika nyumba mbovu huko Illinois. Zisizoandikwa, nani ataziokota? Basi, ndugu zangu, likizo ijayo tuwaendee wazee wetu na kalamu.