Usiku Panakuwaje?

Dalali wa vyumba huku Buzuruga, Mwanza, hupenda kukuonyesha nyumba saa nne asubuhi. Saa hiyo jua limeingia dirishani, watoto wako shuleni, baa ya jirani imefungwa na mtaro wa mbele ya mlango ni mkavu. Chumba kinapendeza. Unalipa kodi ya miezi sita na kuhamisha vitu, ndipo usiku unapoanza kusema ambayo dalali aliyanyamazia: spika za baa, bodaboda zinazosubiri abiria mpaka alfajiri, na maji ya masika yanayoshuka kutoka vilima vya mawe yakifuata njia yao ya zamani, nayo inapita sebuleni kwako. Mtu aliyekaa Mwanza miaka mingi huenda kuitazama nyumba mara mbili, na mara ya pili huenda baada ya giza kuingia.

Mimi siku hizi siombi ushauri mwingine kuhusu mahali. Nauliza tu usiku panakuwaje. Tabia hiyo sikuitoa kwa madalali. Niliitoa msituni, kwa kulala kwenye hema kando ya Ziwa Victoria.

Wapo ndugu zangu wanaoshangaa mtu mwenye kitanda chake aende kulala chini. Wanasema hayo ni mambo ya Wazungu. Nawajibu kwamba watazame vizuri. Waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato hukutana kwenye makambi yao kila mwaka, na huku Kanda ya Ziwa utawakuta familia nzima, na mahema yao na sufuria zao. Wavuvi wa dagaa hukaa kambini visiwani majuma kwa majuma. Wachungaji wa Usukumani wamelala nje na ng'ombe tangu enzi. Kulala nje tunakujua sana. Ambacho wengi wetu hatujapata ni nafasi ya kwenda kulala nje bila kufuata dagaa wala malisho, kwa sababu tu roho imetaka, na nafasi hiyo naiona kuwa ni neema kubwa.

Kwa anayeanza, nampeleka kwanza Saanane. Kisiwa hicho kiko karibu na jiji kiasi kwamba boti inayotoka Capri Point hufika kwa dakika chache. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na ilipewa hadhi hiyo mwaka 2013. Shinda huko mchana mmoja. Panda mawe, tazama pimbi na swala, ujue kama miguu yako na subira yako vinaafikiana na porini. Ukirudi na hamu zaidi, basi tuzungumze habari za Rubondo.

Rubondo ndiyo penyewe. Ni kisiwa cha msitu mnene, kusini magharibi mwa ziwa, na hifadhi yake pamoja na visiwa vidogo na maji ina karibu kilomita za mraba 457. Kutoka Buzuruga tunavuka jiji hadi stendi ya Nyegezi kutafuta basi la Geita. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ingeweza kukumalizia asubuhi yako. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja, kilomita 3 za zege, na maji ya ghuba yako chini yako pande zote mbili. Baada ya Sengerema na Geita unateremka Nkome, kwenye mwalo, na hapo unachagua boti. Hapa sina mzaha. Sisi wa Mwanza tumewazika watu wa MV Bukoba ya Mei 1996, na mwaka 2018 tukawazika wa MV Nyerere kule Ukara. Boti isiyo na jaketi okozi kwa kila abiria siipandi hata kama nauli ni nusu, na nahodha akisema tungoje upepo utulie, nangoja.

Pale Nkome ndipo nilipompata mwalimu wangu, mzee mmoja aliyevua maji yale tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia naenda kupiga hema na ningependa kulala karibu kabisa na maji, nione jua likichomoza. Hakunicheka. Aliniuliza, "Mwanangu, umepaona usiku?" Kisha akanieleza taratibu, akichora mchangani kwa kidole.

Kiboko, alisema, hutoka majini jioni kwenda kula majani, na hutumia njia ileile kila siku. Ukiona upenyo kwenye matete, yamelala chini, ardhi imelainika na kinyesi kimetawanywa vichakani, hapo ni kwake. Usiweke hema hapo, wala usiweke kati ya hapo na maji, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia majini na hakwepi kilicho mbele yake. Mamba naye hana haja ya njia. Kaa mbali na ukingo, usichote maji gizani. Tazama juu pia: tawi kavu la mti mkubwa linaweza kusimama mchana wa shwari, likaanguka dhoruba ikija. Tazama chini, ufuate siafu mpaka ujue wanakokwenda. Na taa usiwashe mlangoni, kwani kuna majira wadudu wa ziwani hupanda kwa makundi mazito hata ukadhani kuna moshi juu ya maji, na wote huifuata taa.

Halafu akaniambia kuhusu mvua, na hili nililithibitisha mwenyewe baadaye. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, upepo unageuka, hewa ya pande zote inaelekea katikati ya ziwa, inakutana, inapanda, na ngurumo zinazaliwa huko juu ya maji wakati watu wamelala. Kwa hiyo anga safi ya saa kumi na mbili jioni haikuahidi chochote. Kaza kamba za hema wakati bado unaona vigingi.

Kila alichosema kilihusu saa ambazo mgeni hazioni. Mandhari hakuyagusa kabisa, ingawa Rubondo yanakutosha popote unapogeuka. Kuanzia siku ile nimepima mambo mengi kwa kipimo chake: kazi naipima kwa mwezi ambao mshahara umechelewa, rafiki kwa siku ya msiba, chama cha kukopeshana kwa siku ambayo mmoja ameshindwa kurejesha. Mchana kila kitu kinajieleza vizuri.

Jambo la ajabu ni kwamba ukishachagua kwa kuujali usiku, usiku wenyewe unakuwa ndio raha. Eneo la kambi pale Kageye, makao ya hifadhi, liko kwenye miti karibu na ufuo, na Rubondo haina simba wala chui. Tunakula mapema. Kufika saa tatu hatuna la kufanya ila kusikiliza, na hapo unagundua kuwa kusikiliza ni kazi. Kiboko anakoroma upande wa matete. Pongo anatembea kati ya mahema, unasikia majani yakikatwa mdomoni. Mbali, nje ya mipaka ya hifadhi, wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao, msururu mrefu juu ya maji, maana huvua usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Nikitaka kuona nyota nakwenda siku za giza. Nikiwa na watoto nakwenda mwezi ukiwa umejaa, hawaogopi sana. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho kizuri, ila beba blanketi, kwani ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na alfajiri ina baridi. Asubuhi furukombe wanaanza kuitana, na hakuna anayeuliza ni saa ngapi.

Kuna wengine waliojifunza kulala kisiwani humo kabla yangu, nao nawawaza kila nikilala pale. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaleta Rubondo sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya. Wengi walikuwa wamezoea vizimba na chakula cha kupewa. Walifunguliwa ufuoni bila mafunzo yoyote, wakaingia msituni. Sokwe wa porini hujenga kiota kipya mtini kila jioni, na hawa nao, ndani ya takriban mwaka mmoja, walikuwa wakitafuta matunda ya msitu na kujitengenezea vitanda vya majani. Wazao wao wamo humo hadi leo. Nikiyumba maishani, nikihisi umri wangu hauruhusu tena kuanza upya, nawakumbuka hao.

Lakini ukweli mwingine wa Rubondo siwezi kuuruka. Kisiwa hakikuwa kitupu. Palikuwa na watu, wavuvi na wakulima, wenye makaburi yao na matambiko yao, waliohamishwa katika miaka hiyohiyo ya 1960 kwenda visiwa vya jirani na nchi kavu. Mwaka 1965 Rubondo ikawa pori la akiba, na mwaka 1977 hifadhi ya taifa. Leo napenda msitu ule, na ninaamini usingebaki kama usingelindwa. Msitu mwingi wa ufuo wa ziwa letu umekwisha kuwa mkaa. Ila aliyenifundisha upenyo wa kiboko na upepo unaogeuka ni mtu wa mwalo, na maarifa yale hayakuandikwa kwenye kibao cha lango lolote. Waliojua usiku wa kisiwa ni wale ambao hawalali tena humo.

Kwa hiyo nimebadili namna ya kufunga mzigo. Kutoka Buzuruga nabeba hema, blanketi, chandarua, dawa na jiko la gesi, kwa kuwa kuni za hifadhini haziokotwi. Mchele, nyanya, ndizi na sato nanunua Nkome, kwa akina mama wa mwalo, bila kubishania shilingi mia. Nafika siku moja kabla, nakaa nao jioni, nawauliza ziwa limeamkaje juma hili. Mgeni akiniomba nimpangie safari namwambia aiweke siku hiyo ya Nkome kwenye bajeti, pamoja na chakula cha jioni cha yule atakayemwelekeza.