Usimpime Ng'ombe Wako kwa wa Jirani

Wapenzi wa reggae, tembeeni kifua mbele! Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, kule Scotland, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa mbwa 38 wa kituo cha kutunzia wanyama. Walipigiwa muziki wa aina tano. Muziki ulipolia, mbwa walijilaza zaidi, na mapigo ya moyo yakaonyesha utulivu mkubwa kwenye reggae na soft rock.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kipimo. Kila mbwa alilinganishwa na yeye mwenyewe, kukiwa kimya na kukiwa na muziki. Hizo ndizo takwimu za jozi. Mbwa mkorofi ni mkorofi siku zote, na mpole ni mpole. Ukimpima kwa nafsi yake, tofauti za kuzaliwa hazikusumbui tena.

Kwetu jambo hili limekuwa kesi. Mama ana ng'ombe wanne wa maziwa. Mjomba kamshauri anunue redio kubwa ya bandani, eti jirani anawapigia wake taarabu na maziwa yanafurika. Pesa yenyewe? Ada yangu ya kozi ya kompyuta. Jamani!

Nikasema, "Mjomba, kwa heshima zote, ng'ombe wa jirani wanakula mashudu, wetu wanakula majani ya barabarani. Utajuaje kama ni taarabu au ni mashudu?"

Mjomba kimya. Mama akacheka.

Nikatoa wazo. Tuazime redio ya mshkaji wangu. Wiki moja muziki, wiki moja kimya, turudie mara kadhaa ili mvua au joto la wiki moja lisitudanganye. Chakula kisibadilike. Mama aandike lita za kila ng'ombe kwenye daftari, kisha tutazame kila mmoja kaongeza au kapunguza.

Na hata wote wanne wakiongeza, tusikimbilie dukani. Rusha shilingi mara 4: kupata kichwa zote nne ni bahati ya mara moja katika 16, na bahati hiyo hutokea. Ng'ombe wangekuwa 10, ingekuwa moja katika 1,024. Hapo hata mimi ningenyamaza.

Mama kakubali, ada imebaki kabatini. Na wazazi mnaotupima kila siku kwa watoto wa jirani, somo ni hilo hilo: nipime kwa mimi wa mwaka jana.