Moteri Kubwa ya Mipigo Miwili: Theluji Yao na Matope Yetu

Mukubwa wa gazeti aliniomba mara hii niandike juu ya nizamu. Lakini juu ya nizamu ninasema kila asubui mbele ya bendera, na ninajua munanichoka. Kwa hiyo nitaandika juu ya moteri. Wale wa pedagojia wasigeuze ukurasa kwanza; hesabu iko kidogo tu, na jambo lenyewe linagusa makuta ya mama moja mujane.

Munajua ile video. Simu zinakatazwa mu interna, lakini video iliingia, na sitasema hapa iliingia kwa njia ya nani. Inaonyesha pikipiki yenye haina gurudumu hata moja. Mbele, mahali pa gurudumu, kuko kibao kirefu cha kuteleza, kile wanaita ski. Nyuma kuko mukanda mupana wa mupira wenye meno marefu, karibu sentimita 6, unazunguka na kuchimba theluji. Mutu anapanda mulima mweupe mahali mutu wa miguu angezama mpaka kiunoni. Haikuzaliwa vile. Ni pikipiki ya mashindano ya kawaida. Fundi alitoa magurudumu mawili na kutia ski na mukanda. Kule Marekani, mu jimbo la Idaho, kampuni Timbersled ilijulikana kwa kuuza vyombo hivyo vya kugeuza pikipiki, na mwaka wa 2015 kampuni kubwa Polaris iliinunua.

Katika inchi yetu theluji iko kule Ruwenzori. Hapa Lubumbashi baridi ya mwezi wa sita na wa saba inatuvalisha majaketi, basi. Sasa sababu gani video ya theluji ilileta maneno mu jamaa yetu? Ni juu ya yaya wangu, mutoto wa baba mukubwa. Baba mukubwa aliisha kufa. Mama mukubwa alinunua pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na yaya anaiendesha: mahindi na makala kutoka barabara ya Kipushi mpaka soko ya Kenya. Pikipiki ile njo inakulisha watu saba. Mwezi wa kumi moteri yake ikakufa. Ilikuwa moteri ya mipigo mine, ya kawaida, kama ile ya pikipiki zote za mizigo zenye tunaona mu mji.

Tukaisukuma mpaka kwa baba mudogo, mwenye kutengeneza pikipiki chini ya muti wa maembe. Siku ileile mutu mumoja akaleta moteri nyingine ya kuuza: moteri ya mashindano, mipigo miwili, silinda moja ya 250. Bei yake ilikuwa bei ya magunia kumi na mbili ya mahindi. Mama mukubwa alikuwa na makuta hayo kamili, lakini yalikuwa makuta ya nyumba ya kupanga na ya masomo ya wadogo wawili. Yaya akatoa simu, akamuonyesha baba mudogo ile video.

«Baba, uone. Banapanda mulima ya neji na moteri ya hivi. Sisi tutashindwa na matope ya Katuba?»

Baba mudogo akapanguza mikono, akanigeukia: «Mwana, weye unasoma mekanike. Utupe akili ya kitabu, miye nitatia akili ya mukono.»

Sherti niseme kwanza kwamba yaya hakusema upuuzi. Moteri ya mipigo miwili, ile mafundi wetu wanaita deux temps, inachoma esansi kila mara moteri inazunguka mara moja. Ile ya mipigo mine inachoma mara moja kila mizunguko miwili. Haina valvu, haina mashini nyingi ndani ya kichwa, kwa hiyo ni nyepesi. Mu theluji uzito ni adui: pikipiki nzito inazama, na ikizama ni weye utaichimba na kuinyanyua kwa mikono. Tena mukanda ule unakula nguvu nyingi sana. Pikipiki yenye ilikuwa inakimbia kama sungura juu ya magurudumu, ukiitia mukanda inakuwa sawa mutu anatembea ndani ya mto. Njo sababu wanatafuta silinda kubwa. Wengine wanachukua 300. Wengine wanafufua mashini za zamani kama Honda CR500, iliyokwisha kutengenezwa mwaka wa 2001, ao Kawasaki KX500, iliyokwisha mwaka wa 2004. KX500 ile iko na pistoni ya upana wa milimeta 86, na inatembea milimeta 86. Piga hesabu ya silinda, utapata karibu sentimita kibi 500 mu chungu kimoja!

Kuko na jambo la hewa pia. Lubumbashi yetu iko karibu meta 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu imepungua karibu sehemu moja kwa nane, na moteri ya karburateri inapoteza nguvu kwa kipimo kama hicho. Juu ya mulima wa meta 3,000 inapoteza karibu sehemu moja kwa tatu. Mutu wa theluji anaanza tayari na deni, na deni lile analilipa kwa silinda kubwa.

Baba mudogo akasikiliza yote, kiisha akasema: «Ile ni muchezo ya batajiri.» Hapo sikumukubalia kabisa. Pikipiki ya theluji ni muchezo, ndiyo, lakini mashini ya kwanza za mukanda wa theluji hazikuanza kwa muchezo. Kule Quebec, mu Kanada, kulikuwa fundi wa garage jina lake Joseph-Armand Bombardier. Mwaka wa 1934 mutoto wake mudogo alikufa sababu theluji ilifunga barabara na hawakuweza kumufikisha ku hospitali. Bombardier alikuwa akitafuta mashini ya kupita mu theluji tangu ujana. Kiisha kifo kile hakuacha tena. Mwaka wa 1959 akatoa ile Ski-Doo, na moja ya kwanza ilienda kwa padri mumoja mwenye alikuwa akitumika kwa Wahindi wa kaskazini. Tena muangalie: moteri ya ile Ski-Doo ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mipigo mine. Zile za mipigo miwili zilifuata nyuma. Nyumbani kwa watu wengi wa masomo yetu, mu mwezi wa pili, mama mwenye mimba anangojea barabara ikauke. Kwa hiyo mimi sicheki mutu mwenye kugeuza mashini.

Lakini moteri si nguvu tu. Moteri ni mahali panapoivuta na mahali panapoisukuma. Hapa njo kitabu changu kiliachana na yaya.

Katika moteri ya mipigo miwili ya mashindano, hakuna bakuli ya mafuta chini yenye kulainisha pistoni. Mafuta yanachanganywa ndani ya esansi, litre moja kwa litre 30 mpaka 50, na yanaingia pamoja nayo. Esansi kidogo, mafuta kidogo. Sasa mu theluji, ukifunga gazi, theluji yenyewe inashika mukanda, na mara nyingi mashini inasimama karibu hapohapo. Yaya na magunia yake tano ya mahindi, kila gunia kilo 100, akifika ku mutelemuko wa kushuka ku daraja, atafunga gazi kama kila mutu mwenye akili. Lakini mahindi hayafungi gazi. Uzito utasukuma magurudumu, magurudumu yatazungusha moteri mbio, na wakati ule hakuna esansi yenye kuingia, ni kusema hakuna mafuta. Pistoni inakauka, inapanuka, inashikamana na silinda. Gurudumu la nyuma linafungwa ghafula, na nyuma ya kichwa cha yaya kuko kilo 500. Tena moteri ya mipigo miwili haisaidii freni sana. Wale wa mipigo mine wanashusha vitesi na moteri inawashika. Hii haishike kitu.

Nilichora ile mutelemuko na kaa la makala juu ya ubao wa mulango, ili yaya aone. Akaona. Akanyamaza. Kiisha akasema: «Nitashuka na ambreyaje mu mukono.» Ni jibu la kweli, mafundi wa zamani wenye pikipiki za mipigo miwili za 100 na 125 walifanya hivyo. Yamaha AG100 na Suzuki TF125 zilibeba wanganga na wachungaji mu vijiji vya Afrika, na hazikuwaua. Lakini AG100 iko na pompi yake ya mafuta, na haikubeba kilo 500.

Mambo mengine nitayapitia mbio. Moteri za theluji zinasumbuliwa na baridi, mpaka watu wanafunika radiateri ili maji yapate moto. Yetu ingetembea polepole mu jua la mwezi wa kumi, bila upepo, na radiateri zilizotengenezwa kwa mbio. Mu mipigo miwili sehemu ya esansi inatoka na moshi bila kuchomwa, na esansi hatuokoti. Moteri ile ya mashindano haikuwa hata na umeme wa kuwasha taa, na yaya anarudi usiku.

Lakini jambo lililomushika baba mudogo lilikuwa lingine. Aliingiza kidole ndani ya silinda, akapitisha kucha. Silinda za mashindano za siku hizi nyingi si za chuma ndani. Ni aluminiumu iliyovalishwa ngozi nyembamba ya nikeli, ngumu sana. Ngozi ile ikikwaruzwa, huwezi kuikereza kama silinda ya chuma. Unaikereza, unaitoa yote. Sherti ivalishwe upya kwa dawa na umeme, na mukerezaji wetu wa Kamalondo hana chombo kile. Baba mudogo akasema: «Hii ikikwaruzwa mara moja, inakuwa kibuyu.»

Mama mukubwa alikuwa amekaa ku kiti tangu mwanzo, hajasema neno. Akauliza: «Ile ya zamani, mukiitengeneza, itatembea?» Baba mudogo akajibu itatembea, sababu silinda yake iko na chuma ndani, na pistoni za kipimo cha juu zinapatikana ku soko. Mama akafunga makuta yake mu kitambaa, akatoa kidogo tu.

Hapa sherti niwaambie ndugu zangu wenye kufikiri kwamba kupanua silinda ni kuongeza nguvu. Chukua moteri ndogo ya mipigo miwili ya 125, pistoni milimeta 56, inatembea milimeta 50: sentimita kibi 123. Ukipanua milimeta moja nzima, mpaka 57, utapata 128. Tano tu! Fundi anapanua silinda ili kuondoa makwaruzo na kurudisha uviringo. Mwenye kutaka nguvu anunue moteri ingine, ao apunguze magunia, ao aweke pinyoni ndogo mbele, kama watu wa theluji wanavyofanya, apate polepole yenye kuvuta.

Hii ya pinyoni njo yaya aliichukua ku video yake, na nilimuunga mukono mbele ya wote. Mu matope pikipiki yetu haikukosa mbio, ilikosa kuvuta. Tena uzito: alitoa vyuma viwili vya sanduku la nyuma vyenye havikubeba kitu. Baba mudogo alipima kwa mikono, akakubali.

Yaya hakunisemesha juma mbili. Juma iliyopita alituma mutu aniulize kama pinyoni ya meno 13 itaingia mahali pa ile ya meno 15. Nilijibu itaingia, lakini munyororo utalegea, sherti avute gurudumu nyuma. Silinda yenyewe ingali kwa mukerezaji, sababu kuran ya umeme kule inafika usiku tu, na watu wengi walifika mbele yetu. Alituambia siku ya posho.