Papa wa Kibumba na njia ya mlima uliofungwa

Tangu Jumapili simu yangu haitulii. Wengine mnashukuru, wengine mmekasirika. Mama mmoja wa kambi ya Bulengo aliniambia bila kuzunguka: "Mama, watu hawana unga, na weye unatuletea habari ya kupanda mlima kama bazungu?" Ana haki ya kuuliza. Naandika hapa yale ambayo dakika kumi na mbili za redio hazikutosha kuyasema.

Sisi wa Keshero tunauona Nyiragongo asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika, na usiku tunaona mwanga mwekundu juu yake. Nyumba zetu zimesimama juu ya makoro, na kuta za nyua zetu tumezijenga kwa makoro hayo hayo. Lakini hesabu watu wa avenue yako waliofika juu. Kwenye avenue yetu niko peke yangu, na mimi nilipanda kwa sababu ya kazi.

Ilikuwa Disemba 2019. Mlima ulikuwa umefunguliwa tena mwezi wa Februari mwaka ule, baada ya kufungwa kwa sababu ya yale ya Mei 2018, wakati mlinzi wa Hifadhi ya Virunga alipouawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Wageni walikuwa wamerudi, na kila mmoja alilipa dola 300 kwa kibali. Mkubwa wangu kazini alisema: nenda, utuletee sauti za wageni. Nikaenda na kinasa sauti, makoti mawili na begi zito kupita kiasi. Pale Kibati, kwenye kituo cha walinzi, wapagazi walikuwa wamejipanga na fimbo zao. Papa mmoja wa Kibumba, mwenye mvi kidogo, akachukua begi langu bila maneno mengi.

Njia ina urefu wa kama kilomita nane tu. Mtu atasema, kilomita nane ni nini, si kutoka Keshero kwenda sokoni Virunga na kurudi? Lakini hapo unapanda karibu mita 1,500, mpaka ufike mita 3,470. Mwanzo ni msitu, na udongo ni laini, unajidanganya kwamba utaweza. Baadaye unatoka kwenye miti na kukanyaga makoro yaliyolegea, yanayoteleza chini ya kiatu kama maharagwe yaliyomwagika. Tulipita nyufa ambapo moto ulitokea mwaka 2002, tukafika karibu na Shaheru, ile kreta ya zamani iliyojaa majani. Kutoka hapo mlima unasimama. Sehemu ya mwisho, chini ya vile vijumba vya kulala, nilipanda kwa mikono na magoti. Jiwe la lava linakata kama chupa. Viganja vyangu vilitoka damu, na papa, ambaye alikuwa amevaa mabuti ya mpira na kubeba kilo kumi na mbili zangu, alikuwa amesimama juu akinisubiri.

Kuhusu kile nilichokiona ndani ya kreta sitasema mengi. Ziwa la moto linalochemka, na sauti kama ya mawimbi ya Ziwa Kivu siku ya upepo. Baridi kali mgongoni, joto usoni. Nililia, na sikuwa peke yangu.

Usiku ule nilizungumza na wageni wote: wawili Wabelgiji, mmoja wa Marekani, mmoja wa Afrika Kusini. Nilimuuliza kila mmoja anajisikiaje. Wapagazi walikuwa nyuma ya vijumba wakipika bugali kwenye moto wa makala waliyobeba wenyewe. Nilipita karibu nao mara tatu nikitafuta mahali pa kurekodi bila kelele zao. Kesho yake tulipofika chini nilimpa papa faranga elfu tatu juu ya malipo yake, tena baada ya kubishana kidogo. Kipindi kilipendwa sana.

Machi 2020 mlima ukafungwa kwa ajili ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 ukapasuka, vijiji vya upande wa Buhene vikaungua, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na ziwa lile nililoliona likatoweka kwa siku chache. Mnakumbuka tarehe 27, watu wa kartie kumi za Goma walipoambiwa wahame, barabara yetu ya Sake ilivyojaa watu, magodoro na mbuzi. Halafu mwishoni mwa 2022 vita vikafika Kibumba. Njia ya kwenda Kibati ikawa njia ya kukimbia.

Mwaka 2024, baada ya mabomu ya tarehe 3 Mei kuangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, nilikuwa Lushagala nikiuliza watu walivyolala. Mtu akaita nyuma yangu: "Mama, begi yako ilikuwa nzito sana." Nikageuka. Amekonda, mvi zimemjaa kichwani. Alikimbilia kwanza Kanyaruchinya, halafu akaja upande wetu huku. Wakati ule alikuwa akisukuma chukudu cha mtu mwingine, wakigawana.

Tulicheka, tukaulizana habari za watoto. Kisha akasema, wala hakuwa na hasira: "Ile siku uliuliza bazungu bote. Mimi haukuniuliza."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba ruhusa nirudi na kinasa sauti. Niliporudi aliketi juu ya bidoni mbele ya hema lake akaanza kupanda mlima kwa maneno, kutoka Kibati, pumziko kwa pumziko. Watoto wa jirani wakajaa. Hiyo ndiyo rekodi mliyoisikia.

Mimi nilifikiri nimekwenda kuchukua kumbukumbu za zamani. Kumbe mambo mengi aliyosema ni ya leo. Kambi zetu za upande huu zilijengwa juu ya lava, ndiyo maana kuchimba choo kulikuwa shida na watoto waliumia miguu kila siku. Yeye aliwaonyesha: weka mguu wote, usikanyage kwa vidole, jaribu jiwe kabla ya kulipa uzito wako, ukiteleza, kaa chini kwa matako, usinyooshe mkono. Jioni ile niliona wavulana wawili wakishuka na maji kwa namna hiyo hiyo.

Halafu akazungumza juu ya hewa. Juu kwenye kreta, alisema, hewa mbaya inanuka, inakwaruza koo, unaikimbia mwenyewe. "Ya huku chini haina harufu. Hiyo ndiyo naogopa." Anasema mazuku, na wenyeji wa Keshero, Bulengo na Lac Vert mnayajua. Ni gesi nzito inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kusimama na asisikie kitu, huku mtoto au mbuzi aliye chini anakufa. Ukiona panya, ndege au wadudu wamekufa kwenye shimo, usiingie, na usimshushe mtoto mgongoni mahali pa chini. Ukishusha mshumaa shimoni na moto ukazimika, ondoka. Familia nyingi zilizokuja kutoka Masisi na Rutshuru hazijawahi kusikia neno hilo. Kwa hiyo, mama wa Bulengo, kuna kitu pale kwa ajili yako pia, ingawa si unga.

Na kuna hili. Akina mama wengi wanaingia tena kwenye msitu ule kutafuta kuni na makala, na mnajua yanayowapata huko. Papa hakutaka kueleza njia za pembeni hewani. Nilimsukuma kidogo, akakataa: "Nikisema, kesho mtu atapita, na si mimi nitakayemzika." Niliikata sehemu hiyo.

Nilimuuliza kama mlima ukifunguliwa atarudi kubeba. Akasema magoti yake yamechoka, lakini ana binti wa miaka kumi na mbili mwenye miguu mizuri. Binti alikuwa amekaa pale pale. Aliondoka Kibumba akiwa mdogo, mlima anaujua kwa mbali tu. Akauliza swali ambalo mimi, na kinasa sauti changu cha 2019, sikuwahi kufikiria: "Papa, huko juu maji mulitoa wapi?"

"Hakuna maji kwenye ile njia. Tulibeba yote. Ya bazungu na yetu."

Rekodi inaishia hapo. Watu walipiga kelele kwamba bomba limefunguliwa, akasimama, akachukua ile bidoni aliyokuwa ameikalia, binti akachukua nyingine.