Rabi Aliyerudi Mlimani Nabugoye

Katika usharika wetu hapa Nyasura, mwanafunzi wa uchungaji aletwapo kwa mara ya kwanza hupokewa kwa nyimbo, kwa kuku, na kwa macho makali ya wazee. Nyimbo na kuku ni heshima. Macho ni mtihani. Wazee hutaka kujua kama kijana huyo aliyeyapata maandiko darasani atawaheshimu wao walioyashika bila darasa, au atawahesabu kuwa wajinga wa kuanzishwa upya. Kila nilishuhudiapo jambo hilo hukumbuka kusanyiko moja dogo la upande wa kaskazini wa ziwa letu, ambako mtihani huo ulikuwa mzito kuliko wowote niujuao.

Hao ni Abayudaya, Wayahudi wa karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda. Asili yao si uhamiaji, bali ni usomaji. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliisoma Biblia kwa makini hata akaamua kuifuata Torati yenyewe. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe. Miaka ile ya mwanzo alipita mgeni mmoja Myahudi, Yosef, akakaa nao miezi michache, akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja, kisha akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Tangu hapo, kwa miaka themanini, hawakuwa na rabi wao aliyeisomea kazi hiyo. Wazee ndio waliofundisha, kila mmoja akimrithisha mwenzake alichokishika.

Kisha akaja Idi Amin. Katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo, na sidhani kama mtu aliyelala salama usiku ule ana haki ya kuwalaumu. Waliobaki walisali kwa siri. Jamii iliyokadiriwa kuwa na watu elfu tatu hivi ikapungua hata kufikia kama mia tatu.

Hapa ndipo habari yao inapoingia katika nyumba zetu. Vijana wa mkoa huu wa Mara walikuwa wengi katika majeshi yetu yaliyovuka mpaka katika vita vya 1978 na 1979. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alirudi na sahani ya bati na maneno machache, na hadi alipofariki sidhani kama aliwahi kulisikia jina la Abayudaya. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili, 1979. Jua lilipokuchwa siku hiyo hiyo, Pasaka ya Wayahudi iliingia, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Askari wale hawakulijua hilo hata kidogo; walikuwa wakitafuta maji na mahali pa kulala.

Katika miaka ya themanini vijana waliochoka kujificha walikusanyika tena katika mlima wa Nabugoye. Miongoni mwao alikuwa Gershom Sizomu, mjukuu wa mzee Samson Mugombe, mmoja wa waliolilinda kusanyiko. Yeye ndiye aliyepelekwa kusoma. Mwaka 2003 alikwenda Los Angeles, Marekani, katika Chuo cha Marabi cha Ziegler, pamoja na mkewe na watoto wao. Wazazi watakaosoma ukurasa huu wanajua maana ya kumtoa mtoto aende mbali kwa miaka mitano: anayeondoka na anayerudi si mtu yule yule.

Na wakati huo wazee walikuwa wamekwisha kuonja jambo gumu. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani walikuja kuwaingiza Abayudaya rasmi katika Uyahudi, kwa kuhojiwa na kuzamishwa majini. Hebu fikiri: mzee aliyesali gizani kwa kuogopa askari wa Amin anaambiwa aingie majini ili sasa awe Myahudi! Mamia walikubali. Wengine waliona kwamba hawahitaji kufanywa kile ambacho tayari walikuwa, na wengine wakataka taratibu za madhehebu makali zaidi. Mimi siwezi kuwahukumu. Najua tu kwamba aliyekubali alijishusha sana, na kwamba rabi kijana atakayekuja baadaye angeweza kuuponya moyo wa namna hiyo au kuuvunja kabisa.

Sizomu alitawazwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi, na Julai mwaka huo akasimikwa Nabugoye. Hakubaki na vitabu tu. Ameanzisha mafunzo ya kuwaandaa viongozi wengine wa dini kutoka Afrika, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge wao. Shule za jamii hiyo hupokea watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, nao huketi dawati moja na wa Kiyahudi.

Lakini swali la wazee lilikuwa la ibada. Angeweza, kwa elimu aliyoipata, kufuta yote yaliyotungwa na wasiosoma na kuleta ya Los Angeles. Sinagogi jipya lilifunguliwa mlimani mwaka huo huo wa 2016, kubwa, la matofali. Ijumaa jioni Sabato inapoingia, mishumaa huwashwa humo bila kuziba madirisha. Sala za Kiebrania husomwa, kisha zaburi huimbwa kwa Kiganda, kwa sauti walizozitunga wenyewe mlimani hapo.