Sumu Isiyo na Ladha

Mtu wa pwani humtambua adui wa kisimani kwa ulimi. Bahari ikipenya chini ya mawe ya matumbawe, maji huingia chumvi. Ndoo ikamwagwa, na watoto wakatumwa kisima kingine. Aseniki haitoi onyo hilo. Maji yake ni maangavu, ya baridi, tena matamu.

Dipankar Chakraborti, mkemia wa Chuo Kikuu cha Jadavpur mjini Kolkata, alianza kuyaandama maji hayo mwaka 1988 katika vijiji vya Bengali Magharibi, nchini India. Madaktari wa ngozi walikwisha kuwaona wagonjwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: madoa meusi kifuani, viganja vilivyokakamaa mithili ya gome. Yeye alikusanya maji, na pamoja nayo nywele, kucha na mkojo wa wanywaji, kwani mwili huweka hesabu yake wenyewe.

Na kisima chenyewe kilichimbwa kwa huruma. Tangu miaka ya 1970, ng'ambo ya mpaka, Bangladesh ilihimizwa kuacha maji ya mabwawa yaliyoua watoto kwa kuharisha, na kutumia pampu za mkono. Nani angeipinga nia hiyo? Lakini mito itokayo Himalaya ilikuwa imelaza huko mashapo ambayo chembe zake zimevaa kutu ya chuma, na aseniki imeshikamana na kutu hiyo. Chini, pasipofika hewa, vijidudu vinavyokula mabaki ya mimea huiyeyusha kutu, na sumu ikaachiwa majini. Hapana kiwanda cha kushtakiwa.

Mwaka 1995 Chakraborti aliitisha mkutano wa kimataifa mjini Kolkata, akaonya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya visima vifupi vya Bangladesh vilipita mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha nchi hiyo. Kile cha Shirika la Afya Duniani ni 10.

Ndipo pampu zikapakwa rangi: kijani kwa maji salama, nyekundu kwa sumu. Mama aliyejivunia pampu uani mwake akaanza kubeba mtungi hadi kwa jirani, tena kwa kuomba. Chakraborti alifariki mwaka 2018. Rangi nyingi zimekwisha kubabuka, na visima vingi vipya vimechimbwa pasi na kupimwa.