Nani Alilala na Masanduku?

Reykjavík, Jumamosi 30 Novemba 2024

Jua limetoka karibu saa tano kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa kumi litakuwa limezama. Iceland, nchi ambayo watu wake hawafiki nusu ya wakazi wa kaunti ya Kwale, kwetu Kenya, inachagua bunge leo. Vituo vilifunguliwa saa tatu, gizani, na vitafungwa saa nne za usiku. Mara ya mwisho wenyeji kuchagua bunge katika baridi ya namna hii ilikuwa Desemba 1979. Safari hii hawakupanga: katikati ya Oktoba, Waziri Mkuu Bjarni Benediktsson alitangaza kwamba vyama vitatu vya serikali yake haviwezi tena kupika chungu kimoja.

Mwenyeji wangu ni mzaliwa wa Voi aliyekwisha kupata uraia wa huku. Nilimsindikiza hadi jumba la jiji, kando ya ziwa dogo la Tjörnin, nikabaki mlangoni. Hakuna foleni ya kuzunguka ukuta, hakuna askari mwenye bunduki. Aliingia, akaonyesha kitambulisho, akapewa karatasi moja pana. Kila chama kina herufi yake, na chini ya herufi yamepangwa majina 22. Mpiga kura huweka alama kwenye herufi, na akitaka anaweza kubadili mpangilio wa majina ya chama alichokichagua au kukata jina asilolipenda.

Akatoka na kidole safi. Nikajikuta nakitazama. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi katika darasa moja la shule huko Likoni, na kazi yangu tangu alfajiri ilikuwa kuwatia watu wino. Kwa wiki nzima baadaye ulijua nani amepiga kura kwa kumtazama akishika kikombe.

Kutoka hapo tukaenda kunywa kahawa ya uchaguzi. Hii ndiyo desturi iliyonishangaza kuliko zote. Siku ya kura, kila chama hufungua milango ya ofisi yake, wanachama huleta keki walizooka nyumbani, na yeyote huingia akala. Nilikaa na kipande cha keki mkononi, moyo ukisita. Sheria yetu ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inahesabu kumlisha mpiga kura ili umvute kuwa hongo, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimewaona wazee wakiuza miaka mitano kwa pakiti ya unga. Ila hapa keki haikumvuta mtu. Mama aliyenimiminia kahawa hakuniuliza mimi ni wa chama gani. Tofauti iko kwenye njaa: anayekula keki hii ana keki nyingine kwake.

Usiku tulikesha mbele ya televisheni. Wao wana neno maalumu la mkesha huu, kosningavaka, na majirani hukusanyika kama sisi usiku wa fainali. Karibu saa tisa nikampigia simu shangazi yangu Likoni, ambako kulikuwa kumeshaadhiniwa, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuswali alfajiri. Shangazi amekuwa wakala wa chama katika chaguzi nne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huko wanahesabia wapi?"

Nikamweleza kwamba nchi ina majimbo sita, na kura za kila jimbo husafirishwa kwa gari, pengine kwa ndege, hadi mahali pamoja pa kuhesabia. Wiki hii nzima walikuwa wakihofia theluji ya mashariki isije ikazuia masanduku njiani.

"Zinasafiri kabla hazijahesabiwa?"

"Ndiyo."

"Basi, nani analala na masanduku?"

Sikuwa na jibu.

Jumapili 1 Desemba

Matokeo yamekamilika. Kati ya viti 63, Samfylkingin, chama cha wanademokrasia ya kijamii, kimepata 15 kutoka 6. Chama cha Uhuru cha Bjarni kimepata 14, na asilimia 19.4 ya kura, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yake. Viðreisn 11, Chama cha Watu 10, Chama cha Kati 8, Chama cha Maendeleo 5. Waliojitokeza ni asilimia 80.

Kilichonigusa ni sifuri mbili. Chama cha Kijani cha Mrengo wa Kushoto, ambacho hadi Aprili mwaka huu ndicho kilichokuwa na waziri mkuu, Katrín Jakobsdóttir, hakikupata hata kiti kimoja. Chama cha Maharamia nacho kimefutika. Ukijumlisha vyama vyote vilivyobaki nje, kura moja katika kila kumi haikuzaa kiti.

Anayetazamiwa kuunda serikali ni kiongozi wa Samfylkingin, Kristrún Frostadóttir, mwenye umri wa miaka 36. Frostadóttir maana yake ni binti Frosti, wala si jina la ukoo. Nyumbani kwetu bibi yangu aliandikwa hivyo hivyo, jina lake, binti, kisha jina la babake, hadi ofisi zikatulazimisha kuwa na jina la familia. Hapa hata waziri mkuu huitwa kwa jina lake la kwanza, na hakuna anayeona kuwa amemvunjia heshima.

Borgarnes, Jumatatu

Swali la shangazi halikuniacha. Mwenyeji wangu alipolisikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nenda Borgarnes." Nikapanda basi namba 57, likapita chini ya bahari katika handaki la Hvalfjörður, likanishusha kwenye mji mdogo uliojinyoosha ndani ya maji.

Mwaka 2021, kura za jimbo la Kaskazini Magharibi zilihesabiwa hapa, katika ukumbi wa hoteli. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi 25 Septemba. Jumapili asubuhi hesabu ikaisha, wahesabuji wakaenda kupumzika, na karatasi zikabaki ukumbini bila lakiri. Wakati huo dunia ilikuwa ikitangaziwa kwamba Iceland imechagua wanawake 33 kati ya wabunge 63, bunge la kwanza la Ulaya lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Mchana waliporudi, wakahesabu upya. Tofauti ilikuwa ya kura chache tu. Lakini viti 9 katika bunge hili ni vya kusawazisha, hugawanywa kwa kutazama hesabu ya nchi nzima, na mfumo huo ni kama mkeka: ukivuta ukili mmoja huku, mwingine unalegea kule. Watu watano waliokwisha kupongezwa, katika majimbo mbalimbali, wakapoteza viti, na watano wengine wakaingia. Wanawake wakawa 30.

Nani aliamua mgogoro huo? Katiba yao, ibara ya 46, inalipa bunge lenyewe mamlaka ya kuamua kama wabunge wake wamechaguliwa kihalali. Tarehe 25 Novemba 2021 wabunge, wakiwemo wale waliofaidika na hesabu ya pili, wakapiga kura kuithibitisha. Hapa siwezi kuwatetea wenyeji wangu. Kwetu, kesi ya ubunge huenda Mahakama Kuu na lazima iamuliwe ndani ya miezi sita, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais mzima. Tulifika hapo kwa damu ya watu baada ya kura za 2007. Kura zetu huhesabiwa chumba kile kile zilipopigwa, mawakala wakitazama, fomu hubandikwa mlangoni, na mwaka 2022 fomu za urais za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye intaneti kila mtu ajijumlishie. Hilo limejengwa na watu wasioaminiana, na ni jema.

Aprili mwaka huu Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua kwamba Iceland ilikiuka haki ya uchaguzi huru kwa jinsi malalamiko yale yalivyoshughulikiwa. Mmoja wa walioshtaki ni Guðmundur Gunnarsson, mmoja wa wale watano waliopoteza viti.

Nilisimama nje ya hoteli, upepo ukinikata masikio, nikampigia shangazi.

"Nimepata jibu lako. Mwaka ule hakulala mtu. Waliondoka wote."

"Hata lakiri?"

"Hata lakiri."

Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Na wale watano," akauliza, "walirudishiwa viti vyao?"

"Hapana, shangazi. Hawakurudishiwa."